Joto la Injini Halirukiruki

Kichwa cha silinda cha injini ya ndege ndogo ni bonge la aluminiamu lenye mapezi ya kupozea, na bonge hilo halina haraka. Likipashwa moto hupanda polepole. Likipigwa na upepo hushuka polepole. Hata mwako ukiharibika ndani ya silinda, ile hali inayoweza kutoboa pistoni kabla rubani hajapata pa kutua, joto la kichwa hupanda nyuzi moja au mbili za Farenhaiti kwa sekunde, na hiyo tayari ni balaa. Kwa hiyo rubani anaponijia pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kuniambia, "Fundi, namba mbili imeruka kutoka 390 hadi 440, halafu ikarudi kabla sijamaliza kuisoma," mimi sina haja ya kuuliza kama silinda inaungua. Kilichoruka si joto. Ni umeme.

Ajabu ni kwamba wengi wetu mafundi, hata tukishalisikia hilo, bado tunakwenda moja kwa moja kwenye silinda namba mbili na spana mkononi. Tunang'oa sensa, tunafunga nyingine. Ikikataa, tunang'oa kifaa chenyewe cha kuonyesha joto kwenye dashibodi na kukituma ng'ambo kikapimwe. Mwenye ndege analipa, ndege inaruka, na namba mbili inarudia mchezo wake.

Mimi sifungui skrubu hata moja kabla ya kujua inaruka lini. Injini ikiongezwa kasi? Taa zikiwashwa? Rubani akibonyeza kitufe cha redio? Ndege ikitikisika kwenye uwanja wa murram? Kila jibu kati ya hayo linanipeleka upande tofauti wa ndege, na jibu la "wakati wowote" silipokei, maana sijawahi kuona kelele za umeme, yaani volti za kupotea zinazovuruga vipimo, zinazokuja wakati wowote. Zina ratiba, ila rubani ana kazi nyingine za kufanya kuliko kuziandikia ratiba.

Milivolti moja

Sensa zinazopima joto la silinda na la ekzosi ni themokapo. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha moja. Ncha hiyo ikiwa moto kuliko ncha za upande wa pili, panatokea volti ndogo. Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821, na mpaka leo hakuna kitu rahisi na kigumu kuharibika kuliko hicho cha kuchomeka ndani ya bomba la ekzosi. Kwenye ekzosi hutumika aina ya K, aloi za kromeli na alumeli. Kwenye vichwa vya silinda ndege za zamani nyingi zina aina ya J, chuma na konstantani, lakini vifaa vingi vya kisasa hutumia K kote.

Tatizo ni udogo wa volti yenyewe. Aina ya K hutoa maikrovolti kama 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ekzosi yenye nyuzi 800 inatoa milivolti 33 tu. Na ile ruka ya nyuzi 50 za Farenhaiti iliyomtoa rubani jasho ni milivolti moja na kidogo. Waya huo huo unapita karibu na nyaya zenye volti 28, karibu na waya wenye ampea makumi wa alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, karibu na magneto mbili zinazotengeneza cheche za maelfu ya volti. Kuipata milivolti moja humo ndani ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona ndani ya matatu ya Rongai.

Waliotengeneza vifaa hivi wanalijua hilo. Kifaa kizuri hakipimi waya mmoja dhidi ya bodi ya ndege. Kinapima tofauti kati ya nyaya mbili za themokapo na kupuuza chochote kinachozipandisha zote pamoja. Ndiyo sababu nyaya hizo husokotwa: zikisokotwa, kila kelele inayopita huzigusa zote mbili sawasawa, na tofauti inabaki safi. Alexander Graham Bell alipata hataza ya ujanja huo mwaka 1881 kwa ajili ya nyaya za simu. Lakini kupuuza huko kuna kikomo. Nyaya zote mbili zikipandishwa mno kwa pamoja, kifaa kinalemewa na kuanza kuandika nambari za ajabu. Themokapo nyingi, hasa za zamani, ncha yake imechomelewa kwenye ganda lake, na ganda limegusana na injini. Maana yake ni kwamba volti yoyote iliyopo kati ya injini na dashibodi inaingia mlangoni mwa kifaa bila kubisha hodi.

Wapo wanaounganisha themokapo kwa waya wa kawaida wa shaba pale palipopungukiwa. Hilo halileti kelele, linaleta uongo wa kimyakimya: kila mahali shaba inapokutana na alumeli pamezaliwa themokapo nyingine, na kama viungo viwili havina joto sawa, nambari inahama. Nyaya za kurefushia lazima ziwe za aina ile ile. Rangi nazo zina mtego. Kwa mpango wa Kimarekani waya mwekundu ni hasi, jambo ambalo fundi aliyezoea betri analisoma kinyume. Mpango wa kimataifa una kijani na nyeupe kwa K. Rangi zikiwa zimeungua mimi hutoa sumaku mfukoni. Alumeli inashika sumaku, kromeli haishiki.

Ndege ya Mara na Lamu

Ndege yenye namba mbili hiyo ilikuwa Cessna 206 yenye injini ya Continental ya silinda sita, ya zile zinazoamkia Mara na kulala Lamu. Vumbi la huko na chumvi ya huku, hakuna kiungo cha umeme kinachopenda mchanganyiko huo. Ilikuwa imepita kwenye karakana nyingine kabla ya kufika kwangu. Sensa ya namba mbili ilikuwa imebadilishwa, ikabadilishwa tena. Kifaa kilikwenda Marekani na kurudi na karatasi inayosema hakina hitilafu.

Sensa za zamani zilikuwa bado kwenye mfuko ndani ya ndege, na nilizipima kwanza kwa sababu ni rahisi. Unahitaji sufuria na jiko. Kwa mwinuko wa Wilson, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Nimemwona fundi mgeni akitupa sensa nzima kwa sababu ya tofauti hiyo. Zote zilisoma vizuri. Nilizitikisa zikiwa majini, nikazikunja kidogo pale waya unapoingia kwenye ganda, ambapo ndipo hukatika. Hazikutetereka.

Rubani wake, kijana wa Kilifi, alikuwa amechoka na habari hizi.

"Kapteni, inaruka lini?"

"Wakati wowote, fundi."

"Mara ya mwisho ulikuwa unafanya nini?"

Akafikiri. "Nilikuwa nakaribia kutua Manda, kule Lamu. Na asubuhi yake, nimetoka tu kuwasha injini."

Sikuhitaji zaidi kuanza. Mtu anayekaribia kutua amewasha taa za kutua. Na mtu aliyetoka kuwasha injini, betri yake imetoka kubeba stata, sasa inanyonya chaji kwa pupa. Vitu viwili visivyofanana kwa rubani, lakini kwa umeme ni kitu kimoja: alteneta inatoa ampea nyingi.

Nikaomba rekodi za kifaa. Vifaa hivi huhifadhi safari zote, lakini vingi huandika kila baada ya sekunde kadhaa, na kelele zinaweza kuingia na kutoka katikati ya mistari miwili bila kuonekana. Nilikipanga kiandike kila sekunde, tukaenda kukaa kwenye eneo la kupimia injini, pua imeelekea upepo, mimi kiti cha kulia na daftari.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho rubani hakuweza kukiona kwa jinsi kifaa kilivyopangwa. Skrini ilionyesha nambari ya silinda yenye joto kubwa kuliko zote, na silinda hiyo ilikuwa namba mbili. Tulipowasha taa za kutua na hita ya pitoti, kile kibomba cha kupimia kasi ya ndege, namba mbili ikaruka. Lakini vijimstari vya silinda nyingine tano, vilivyo pembeni bila nambari, navyo viliruka. Vyote. Kwa pamoja, kwa kiasi kile kile. Tukazima alteneta, tukabaki na betri peke yake: vyote vikatulia chini. Tukaiwasha: vyote juu.

Silinda sita haziwezi kukubaliana kupanda sekunde moja. Kama sita zimehama pamoja, kilichohama ni kile wanachochangia.

Na si silinda tu. Joto la mafuta ya kulainisha injini nalo lilipanda sekunde ile ile. Injini ile inabeba zaidi ya lita kumi za mafuta. Hakuna taa ya kutua duniani inayoweza kupasha lita kumi za mafuta ndani ya sekunde moja. Sensa ya mafuta ilikuwa ya waya mmoja, ambayo umeme wake unarudi kwa kupitia bodi ya injini yenyewe. Nikafunga daftari, tukazima injini.

Njia ya kurudi

Ampea arobaini zikitoka kwenye alteneta kwenda kuwasha taa, ampea arobaini lazima zirudi kwenye alteneta. Zinarudi kwa kupitia bodi ya ndege, ambayo ndiyo athi, njia ya kurudia umeme, ya kila kitu. Lakini injini haigusani na bodi. Imekalishwa juu ya mipira ili mtikisiko usifike kwa abiria, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha injini na bodi ni kipande cha waya wa kusuka, bapa, chenye tundu la boliti kila upande. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote pale mbele. Ukifungua kifuniko cha injini macho yako yanakipita.

Kiungo hicho kikiwa kibovu umeme haukatiki. Unatafuta njia nyingine: waya wa throto unaoongeza na kupunguza nguvu ya injini, waya wa mchanganyiko wa petroli na hewa, mabomba, na, ukipata nafasi, ganda la themokapo. Nimeona waya wa throto uliokauka grisi na kuanza kuwa mzito kwa sababu ya umeme uliopita humo wakati wa kuwasha stata. Huyo rubani alilalamikia throto, wala hakutaja umeme.

Na pale umeme unapopenya kwa shida ndipo volti inapozaliwa kati ya injini na dashibodi. Mwelekeo wake unaeleza mengi. Stata inapofanya kazi, umeme unatoka kwenye injini kwenda kwenye bodi kuitafuta betri. Injini inakuwa juu ya bodi. Alteneta ikishika kazi, umeme unatoka kwenye bodi kuingia injini. Injini inakuwa chini. Sensa ya mafuta ya ndege ile ni ya aina ambayo ukinzani wake hupungua joto likipanda. Injini ikiwa chini kwa sehemu ya volti, kifaa kinaona volti ndogo, kinadhani ukinzani umepungua, kinaandika mafuta yamechemka. Ilikuwa inasema hivyo hivyo. Nilimwomba rubani aangalie wakati wa kuwasha stata: mafuta "yalipoa" ghafla, halafu alteneta iliposhika "yakapata moto". Nilicheka. Rubani hakuona cha kuchekesha.

Sasa vipimo. Mtu asikaribie injini inayozunguka na mita mkononi. Propela haimsamehi fundi. Nilifunga waya mrefu kwenye bodi ya injini ikiwa imezimwa, nikaupitisha mbali na ekzosi, nikaufunga vizuri na kuuingiza ndani ya ndege, upande wa pili wa mita nikauweka kwenye athi ya dashibodi. Injini ikazunguka, taa zote zikawaka, alteneta ikasoma ampea 40. Mita ikasoma nusu volti. Nusu volti kwa ampea 40 ni omu 0.0125. Mwongozo wa Kimarekani wa matengenezo ya ndege, AC 43.13-1B, unataka kiungo cha namna hiyo kisizidi omu 0.003.

Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha omu 0.003. Ukiweka ncha zake kwenye kiungo kibovu namna hii itakuandikia sifuri, na utamwambia mwenye ndege athi ni nzima. Lazima upitishe umeme mkubwa na upime volti. Injini ikiwa imezimwa na betri imefunguliwa, nilichukua pawa saplai ya karakana, nikapitisha ampea 20 kutoka kwenye bodi ya injini hadi kwenye ncha ya waya hasi wa betri, kisha nikatembea na mita kiungo kwa kiungo. Kwa ampea 20, kiungo kinachokubalika hakitakiwi kuzidi milivolti 60. Cha kwanza, milivolti chache. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, pale waya wa kusuka unaposhikana na bodi ya injini, milivolti 190.

Boliti ilikuwa imekazwa barabara. Ukiitazama usingeishuku. Nilipoifungua nikakuta rangi. Injini ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa, ikapakwa rangi nzuri ya dhahabu, na waya ukafungwa juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti peke yake, na chumvi ya Lamu ilikuwa imeshaingia humo na kuacha unga mweupe. Nikakwangua hadi metali ing'ae, nikabadilisha waya wa kusuka kwa mpya unaokubalika, nikaukaza, nikapaka kinga ya kutu *juu* ya kiungo, si kati yake. Vipimo upya: kwa ampea 40, milivolti 40 tu kati ya injini na dashibodi. Taa zikiwaka, silinda sita hazikutikisika. Mafuta yakatulia.

Kazi hiyo ikaandikwa kwenye kitabu cha ndege na kusainiwa na mwenye leseni, kama inavyotakiwa. Nalisema kwa ajili ya wale wanaonitumia ujumbe wakitaka "niwaelekeze tu" wafanye wenyewe usiku kabla ya safari ya asubuhi.

Kelele nyingine, ratiba nyingine

Laiti mambo yote yangeishia hapo. Tulipotoka kujaribu angani, rubani akazungumza na mnara, na ekzosi ya namba sita ikashuka nyuzi mia. Akaachia kitufe, ikarudi. Silinda moja peke yake safari hii, na ni redio tu.

Redio za ndege hufanya kazi kati ya megahezi 118 na 137. Urefu wa wimbi hapo ni kama mita mbili na robo hadi mbili na nusu, na robo yake ni sentimita sitini hivi. Waya wowote ambao urefu wake umeangukia hapo unakuwa antena bila kuombwa. Nyuma ya dashibodi fundi fulani alikuwa na waya wa namba sita uliozidi, akauzungusha kitanzi na kuufunga pamoja na kebo ya antena ya redio. Nikaupitisha mbali. Hiyo ilipunguza, haikumaliza. Iliyomaliza ni kufungua kiunganishi cha antena juu ya paa: wavu wa nje wa kebo ulikuwa umekatika karibu wote, kwa hiyo badala ya kwenda hewani sehemu ya nguvu ya redio ilikuwa inarudi ndani ya ndege kwa mgongo wa kebo. Rubani akakiri kwamba minara ya mbali ilikuwa ikimwambia hasikiki vizuri. Hakuona uhusiano, na kwa nini auone?

Wazee wa Wilson wanaikumbuka hali hii kwa ukubwa zaidi. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilirusha madaktari kutoka hapa kwenda kwenye zahanati ambazo njia yao ya kusikika ilikuwa redio ya HF, ile ya kufika mbali. Mawimbi ya HF ni marefu, makumi ya mita, na mwili mzima wa ndege unakuwa sehemu ya antena. Marubani wa enzi hizo walijua tu kwamba ukibonyeza kuzungumza, usiangalie mishale ya vipimo.

Magneto zina ratiba yake. Injini ya silinda sita kwa mizunguko 2,400 kwa dakika inataka cheche 120 kila sekunde kutoka kwa kila magneto. Kelele zake hupigapiga, na zinafuata kasi ya injini. Kuzitambua ni rahisi: ukiwa kwenye ukaguzi wa kawaida wa kabla ya kuruka, geuza swichi uache magneto moja, kisha nyingine. Kelele zikifa na mojawapo, umempata. Mara nyingi ni waya unaotoka magneto kwenda kwenye swichi, ambao wavu wake wa nje umekatika kwa mtikisiko. Hapa nitasimama kidogo, maana waya huo si wa kelele tu. Ndio unaoizima magneto. Ukikatika wote, magneto haizimiki hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na mtu anayesukuma propela kwa mkono kuiegesha anaweza kuiwasha injini. Ukisikia kelele za magneto, propela iguswe kama vile swichi imewashwa, mpaka waya ukaguliwe.

Alteneta yenyewe huimba. Ndani yake umeme wa awamu tatu unanyooshwa na diodi sita, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Moja ikifa, badala ya umeme ulionyooka unapata mawimbi, na mlio mwembamba unapanda na kushuka kwenye hedifoni pamoja na throto. Pima volti ya AC, yaani ya umeme wa mawimbi, kwenye ncha ya alteneta na ulinganishe na ndege isiyo na hitilafu ya aina hiyo. Usisubiri ife ya pili.

Na chaja za simu! Zile za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, zinazouzwa barabara ya Luthuli kwa bei ya chapati mbili. Ndani yake kuna swichi ndogo inayowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde, bila kichujio cha maana. Baadhi ya taa za LED za bei rahisi zina ugonjwa huo huo. Kabla ya kufungua chochote, mimi huchomoa kila kilicholetwa na abiria. Imenipunguzia mapato, lakini ndivyo ilivyo.

Nina ugomvi wa kudumu na vichujio. Fundi akisikia kelele anataka kufunga kapasita, feraiti (ile pete nyeusi ya kuvalisha waya), chochote kinachouzwa kwa jina la "filta". Vina mahali pake: feraiti kwenye waya wa themokapo inasaidia kweli dhidi ya redio. Lakini kama ningefunga filta kwenye 206 ile, nusu volti ingebaki pale pale, umeme ungeendelea kupita kwenye waya wa throto, na skrini ingekuwa tulivu. Mpangilio wa kulainisha nambari ndani ya kifaa ninauogopa zaidi. Ukilainisha sana, ile nyuzi moja au mbili kwa sekunde ya mwako mbaya nayo inalainishwa.

Marubani wa hapa wanazihitaji nambari hizi kuliko wengi. Kwa mwinuko wa Nairobi, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inataka petroli ipunguzwe hata kabla ya kuruka, la sivyo inabanwa na mchanganyiko mzito na njia ya kurukia inaisha haraka. Unapunguza kwa kuangalia ekzosi. Ukipunguza kwa kuangalia nambari inayocheza, unapunguza kwa kubahatisha, au unaacha kuiangalia kabisa, na hilo la pili ndilo nililolikuta kwa rubani wa 206. "Niliizoea," aliniambia.

Kwa hiyo tulipoimaliza redio nikamwomba turuke tena, tupande moja kwa moja hadi futi 9,500, taa zote zikiwaka, redio ikizungumza. Nambari zilipanda polepole, kwa adabu, kama bonge la aluminiamu linavyotakiwa kupanda. Silinda tano zikasimama karibu 375. Namba mbili ikaendelea, 390, 400, ikasimama 420. Haikuruka. Haikutetemeka. Tukazima alteneta: 420. Tukazima taa: 420.

"Fundi, si ulisema imepona?"

Ilikuwa imepona kelele. Kikomo cha Continental ile ni 460, kwa hiyo hatukuwa hatarini, lakini silinda inayopishana na wenzake kwa nyuzi 45 ina sababu. Tulipotua na injini kupoa niliingiza kioo chini. Kibati kinachoshikilia hewa chini kati ya silinda namba mbili na namba nne kilikuwa kimelegea, springi yake haipo, na hewa ilikuwa inapita bila kugusa mapezi ya chini. Kelele za athi zilikuwa zikipandisha silinda zote sita, skrini ikachagua iliyo juu, na iliyo juu ilikuwa juu kwa haki. Walioibadilisha sensa ya namba mbili walikuwa wamesimama mbele ya silinda sahihi.

Kibati kikarudishwa, springi mpya ikafungwa. Safari iliyofuata, namba mbili ilisimama 385. Sensa zile mbili za zamani nilimrudishia mwenye ndege kwenye mfuko wake. Ni nzima, azitunze. Bili ya karakana ya kwanza bado wanaizungumzia.